Karata, Redio na Kompyuta: Nasaba za Gemu ya Mkononi

Mwaka 1989, kati ya mwisho wa Julai na Septemba, maduka ya Marekani yalipokea mashine mbili mpya za gemu za kushika mkononi. Ya kwanza, Game Boy ya Nintendo, ilikuwa ya kijivu, nene, na kioo chake kilikuwa cha kijani kichafu chenye vivuli vinne tu. Hakikuwa na taa. Usiku ilibidi usogee karibu na balbu. Ya pili, Lynx ya Atari, ilikuwa na rangi, ilikuwa na taa nyuma ya kioo, na iliweza kukuza na kupunguza picha papo hapo kwa ufundi ambao mashine nyingi za sebuleni hazikuwa nao wakati huo. Walioiunda waliwafikiria hata wanaotumia mkono wa kushoto: unaigeuza juu chini, na picha inageuka nayo. Ziweke zote mbili juu ya meza ya duka, mwite mtoto wa miaka 10, mwambie achague. Jibu unalijua kabla hajafungua mdomo.

Soko lilijibu vingine kabisa. Game Boy pamoja na mdogo wake wa mwaka 1998, Game Boy Color, ziliuzwa jumla ya milioni 118.69. Lynx haikufua dafu, na mwaka 1996 Atari yenyewe iliungana na kampuni ya kutengeneza diski za kompyuta na kupotelea humo.

Sababu zinazotajwa siku zote ni nne, na zote ni za kweli. Lynx ilianza kuuzwa kwa dola 179.95, Game Boy kwa 89.95. Lynx ilikula betri sita za AA, Game Boy nne. Betri sita za Lynx zilikwisha baada ya saa nne au tano. Nne za Game Boy zilivuka saa 10. Na ndani ya boksi la Game Boy kulikuwa na Tetris. Sina ugomvi na maelezo hayo. Tatizo langu ni kwamba yanaliacha swali kubwa bila jibu: wahandisi hodari wa California walishindwaje kupiga hesabu ambayo mwenye duka la rejareja angeipiga kwa vidole? Na kwa nini, baada ya Lynx, NEC, Sega na Sony, kampuni zenye fedha na vichwa, zilipita njia ile ile?

Jibu langu ni hili. Kila mtengenezaji aliingia kwenye biashara ya gemu akitoka kwenye kazi nyingine, na kazi ile ya zamani ndiyo iliyomwamulia gemu ni kitu gani. Kuna waliotoka kwenye karata, waliotoka kwenye redio, na waliotoka kwenye kompyuta na mashine za sarafu. Kuwalinganisha kwa kasi ya chipu ni kuwalinganisha kwa kipimo ambacho mmoja wao hakuwahi kukijali.

Tuanze na wa karata. Nintendo ilianzishwa Kyoto mwaka 1889 na Fusajiro Yamauchi ili kutengeneza hanafuda, karata ndogo nene zenye maua na mimea ya miezi 12 ya mwaka, kila mwezi karata nne, jumla 48. Karata za kuchezea ziliingia Japani katika karne ya 16 kwa meli za Wareno, hao hao walioanza kujenga Ngome ya Yesu kule Mombasa mwaka 1593. Watawala wa Japani walizipiga marufuku mara kwa mara kwa sababu ya kamari, na kila marufuku ilipotolewa mafundi walibadilisha michoro ili karata mpya isifanane na ile iliyokatazwa. Hanafuda, isiyo na tarakimu hata moja, ni zao la ukaidi huo.

Itazame karata kama bidhaa. Haina kitu cha kuharibika zaidi ya kona zake. Ni lazima iwe rahisi kwa bei, maana inachakaa na itanunuliwa tena. Zaidi ya yote, utamu wake haumo ndani ya pakiti. Umo kwa yule aliyeketi mbele yako. Aliyewahi kukaa kwenye baraza ya Ng'ambo, Unguja, saa za alasiri anaujua ukweli huo. Makelele yote yale, kejeli, mtu kuinuka na kuibamiza karata juu ya meza, yanatokana na vikaratasi vilivyolegea kwa jasho, na hakuna mchezaji anayelalamika kwamba picha ya mzungu wa nne haikuchorwa vizuri.

Mwaka 1965 kiwanda hicho cha karata kilimwajiri Gunpei Yokoi, kijana aliyesomea umeme katika Chuo Kikuu cha Doshisha. Kazi yake ilikuwa kutunza mitambo, na mitambo ikienda vizuri mtunzaji hana la kufanya. Yokoi akajitengenezea mkono wa kujirefusha, vipande vilivyopishana na kufungwa kwa misumari, ukibana vishikio unakunjuka na kudaka kitu cha mbali. Hiroshi Yamauchi, rais wa kampuni, akamwona akiuchezea kazini. Badala ya kumfukuza, akamwambia aufanye bidhaa. Ultra Hand ilitoka mwaka 1966 na ikauzwa zaidi ya milioni moja. Kutoka hapo Yokoi hakurudi tena kupaka mitambo mafuta.

Katika miaka ya 1970, Sharp na Casio zilikuwa zikipigana vita vya vikokotoo. Kila mwaka vilizidi kuwa vyembamba na bei ikazidi kushuka, hadi vioo vyake vikawa vitu vya bei poa. Kisa ambacho Yokoi alikisimulia ni kwamba alimwona mfanyakazi wa ofisini ndani ya treni ya kasi akibonyezabonyeza kikokotoo ili safari iishe. Mwaka 1980 ikatoka Game & Watch: gemu moja, saa pembeni, kioo cha kikokotoo kutoka Sharp. Ziliuzwa milioni 43.4 kwa miaka 11. Toleo la Donkey Kong la mwaka 1982 ndilo lililoleta kitufe cha umbo la msalaba, ambacho hadi leo kidole gumba cha kushoto kinakikuta kwenye pedi nyingi duniani.

Msimamo wa Yokoi ulikuwa kwamba fundi atumie teknolojia iliyokwisha kukomaa, iliyoshuka bei na ambayo kasoro zake zinajulikana, ila aitumie upande ambao wengine hawakuutazama. Waandishi wa biashara hupenda kuuita falsafa. Mimi naona ni mazoea ya mtu aliyejifunzia kazi katika kiwanda cha karata. Chipu ya Game Boy ilikuwa ya ukoo wa Z80, chipu ya miaka ya 1970. Kioo cha rangi kilikuwa kinapatikana. Alikikataa kwa sababu ya betri. Kitu kimoja hakukikataa, tundu dogo ubavuni la kuchomeka waya wa kuunganisha mashine mbili. Ubahili uliishia pale ulipoanza kumgusa mchezaji wa pili.

Upande wa pili wa Pasifiki mambo yalikuwa na chimbuko lingine. Mashine ya kwanza ya gemu ya sebuleni, Magnavox Odyssey ya mwaka 1972, ilitokana na kazi ya Ralph Baer, mhandisi aliyekimbia Ujerumani ya Hitler akiwa kijana. Mwaka huo huo Nolan Bushnell na mwenzake walianzisha Atari huko California. Atari ilikulia kwenye mashine za sarafu, zile zinazosimama mlangoni mwa baa zikikonyeza taa. Mashine ya sarafu ina sekunde chache tu za kumsimamisha mpita njia, basi lazima ing'are na iwe na kitu ambacho ya jirani haina. Umeme wake unatoka ukutani, na bili inalipwa na mwenye baa.

Lynx ilikuwa ya ukoo huo pande zote mbili. Haikuanzia Atari; iliundwa katika kampuni ya Epyx na Dave Needle na R. J. Mical, waliokuwa katika timu ya kompyuta ya Amiga. Walichofanya, kwa ustadi mkubwa, ni kuichukua kompyuta nzuri na kuipunguza mwili. Lakini kitu kimoja hakipungui: taa ya nyuma ya kioo, ambayo enzi hizo ilikuwa mrija mdogo wa floresenti. Mrija huo ndio uliokuwa ukinywa betri. Wazazi wakachoka, wakanunua kebo ya umeme wa ukutani, na mtoto akajikuta ameketi karibu na soketi akicheza mashine ya nyumbani yenye kioo kidogo.

Sega nayo ni chotara wa nasaba hizo. Makao yake yako Tokyo, lakini chimbuko lake ni Wamarekani waliokuwa wakipeleka mashine za sarafu kwenye kambi za jeshi lao. Game Gear ya mwaka 1990 ilikuwa mashine yao ya nyumbani, Master System, iliyowekwa ndani ya mwili wa kushika kwa mikono miwili: rangi, taa, betri sita, saa tatu hadi tano. Ukitaka, ulinunua kifaa cha kuifanya televisheni. NEC iliizidi: TurboExpress ya dola 249.99 ilicheza kadi zile zile za gemu za mashine yao ya sebuleni. Na mwaka 1995, kana kwamba hakuna aliyejifunza kitu, Sega ikatoa Nomad, iliyopokea kaseti za Genesis, mashine yao nyingine ya nyumbani, moja kwa moja na kumaliza betri sita ndani ya saa mbili au tatu. Game Gear ndiyo iliyojitahidi zaidi, takriban milioni 10 na ushei. Wote hao waliiona mashine ya mkononi kama sebule iliyopunguzwa.

Hapa nitoke kidogo mkononi niende sebuleni, maana sebule zenyewe hazifanani. Tarehe 15 Julai 1983 Nintendo ilianza kuuza Famicom huko Japani, kiboksi cheupe na chekundu, kaseti zinaingia kwa juu, na pedi mbili zilizofungwa moja kwa moja kwenye mashine kwa waya mfupi. Mfupi kwa sababu familia ya Kijapani ilikaa chini, karibu na televisheni. Pedi ya pili ilikuwa na kipaza sauti. Mashine hiyo hiyo ilipovuka kwenda New York mwaka 1985 ilivalishwa nguo nyingine. Soko la gemu la Marekani lilikuwa limeporomoka mwaka 1983, na wenye maduka walikuwa hawataki kulisikia neno gemu; Atari ilikuwa imezika kaseti zake zisizouzika kwenye jalala la Alamogordo, New Mexico, ambako zilikuja kufukuliwa mwaka 2014. Basi NES, jina lake la Marekani, ikawa boksi la kijivu, kaseti inasukumwa ndani kwa mbele kama mkanda wa video, waya wa pedi ukawa mrefu ufike kwenye sofa, na pembeni wakaongeza roboti ya plastiki ili ionekane ni mwanasesere. Ule mlango wa mbele ndio uliozaa ugonjwa mashuhuri: meno ya ndani yalilegea, kaseti haishiki, na watoto wakaanza kuipuliza. Uhandisi ni ule ule, vyumba ni viwili, na kasoro ilizaliwa na chumba.

Nasaba ya tatu ni ya redio. Sony ilikuwa ikiuza vitu vya kubebeka kabla Nintendo haijawaza kioo. Akio Morita, mmoja wa waanzilishi wake, alisimulia kwamba redio yao ndogo ya mwaka 1957 ilizidi kidogo mfuko wa shati, hivyo wauzaji wao wakashonewa mashati yenye mfuko mkubwa zaidi. Walkman ikafuata mwaka 1979. Kuna jambo moja kuhusu Walkman ile ya kwanza ambalo ningetaka msomaji alishike: ilikuwa na matundu mawili ya spika za masikioni, kwa sababu Morita aliona ni utovu wa adabu mtu kusikiliza muziki peke yake mbele ya mwenzake. Wateja hawakulijali tundu la pili. Walitaka kusikiliza peke yao, na matoleo ya baadaye yakaliacha. Sony ikajifunza kwamba kitu cha kubeba ni cha mtu mmoja. Kwa muziki ilikuwa sahihi.

Sebuleni Sony ilishinda, na ilishinda dhidi ya Kyoto kwa namna inayonilazimisha nisiisifu sana nasaba ya karata. Ken Kutaragi wa Sony ndiye aliyeiundia Nintendo chipu ya sauti ya Super Famicom, mrithi wa Famicom. Kampuni hizo mbili zilikubaliana kutengeneza kifaa cha diski. Kisha mwaka 1991, katika maonyesho ya Chicago, Sony ilitangaza mpango huo na kesho yake Nintendo ikatangaza kwamba inakwenda na Philips. Yamauchi alikuwa ameona kwamba mkataba unampa Sony mamlaka makubwa mno juu ya gemu za diski. Kutaragi hakuisahau siku hiyo. PlayStation ilitoka Desemba 1994 huko Japani. Mei iliyofuata, Los Angeles, Sega ilijitapa kwamba mashine yake mpya, Saturn, iko madukani tayari kwa dola 399. Zamu ya Sony ilipofika, Steve Race alipanda jukwaani, akataja tarakimu moja, 299, akashuka.

Nintendo, kwa upande wake, ilishikilia kaseti. Nintendo 64 ya mwaka 1996 ilitumia kaseti ghali zenye nafasi ndogo wakati diski ya PlayStation ilibeba mamia ya megabaiti kwa gharama ndogo. Square, iliyokuwa mshirika wake wa miaka mingi, ikahama. Gemu yake ya Final Fantasy VII ya mwaka 1997 ilijaza diski tatu. Hesabu ya mwisho ni milioni 32.93 dhidi ya milioni 102.49. Sebuleni, penye umeme wa ukutani na kioo kikubwa cha televisheni, mtu anataka kuonyeshwa mambo. Ubahili wa Yokoi haukuwa na kazi hapo.

Hata mkononi haukutosha peke yake. Virtual Boy ya mwaka 1995 ilikuwa ya Yokoi mwenyewe, na ilifuata kanuni yake: taa ndogo nyekundu za bei rahisi zilizotumiwa kuleta picha yenye kina. Ila unaegemea mezani, umefunika uso ndani ya kasha, unaona wekundu mtupu, na aliye karibu nawe haoni chochote. Ilikuwa na tundu la waya wa kuunganisha wachezaji wawili, lakini waya wenyewe haukuuzwa kamwe. Iliondolewa sokoni ndani ya mwaka mmoja hivi. Yokoi aliondoka Nintendo mwaka 1996, akafungua karakana yake, na Oktoba 1997 akafa kwa ajali barabarani.

Kazi yake ya mwisho ilitoka baada ya kifo chake, na ilitoka kwa mshindani. WonderSwan ya Bandai, Machi 1999, iliuzwa yeni 4,800 na ilikwenda zaidi ya saa 30 kwa betri moja ya AA. Moja! Kwa mizani ya kanuni ile, hii ndiyo Game Boy iliyokamilika. Haikuuzwa rasmi nje ya Japani, na Game Boy Advance ya mwaka 2001 ikaimaliza. Sababu si kioo wala bei. Februari 1996 zilikuwa zimetoka Pokémon mbili, Nyekundu na Kijani, za Satoshi Tajiri, mtu aliyekulia kwenye kukusanya wadudu. Zilitoka mbili kwa makusudi: baadhi ya viumbe wamo kwenye moja na hawamo kwenye nyingine, kwa hiyo huwezi kuwamaliza bila kumtafuta mwenye kaseti ya pili na kuchomeka waya. Lile tundu lililokaa ubavuni miaka saba likapata kazi yake. Mtoto wa Kijapani mwaka 1999 hakununua mashine. Alinunua ruhusa ya kuingia kwenye kundi la wenzake, na kundi lilikuwa limeshapata makao.

Tetris nayo inastahili mstari wake hapa, kwa sababu inaonyesha kwamba ubahili haukuwa wa Kyoto pekee. Alexey Pajitnov aliiandika Moscow mwaka 1984 kwenye kompyuta ya Elektronika 60 isiyoweza kuchora picha. Matofali yake yalikuwa alama za maandishi, mabano ya mraba yaliyobanwa pamoja. Gemu iliyozaliwa bila picha haikupoteza kitu ilipofika kwenye kioo cha kijani. Henk Rogers, aliyekwenda Moscow kutafuta haki zake, ndiye aliyewashauri Nintendo waitie ndani ya boksi badala ya Mario, akisema Mario atawavuta watoto wa kiume na Tetris itamvuta kila mtu.

Sony ilipoingia mkononi hatimaye, Desemba 2004, iliingia kama mtu wa redio. Kutaragi aliitangaza PSP kuwa Walkman ya karne ya 21: kioo kipana cha kung'aa, muziki, filamu kwenye vidiski vyake maalumu. Nintendo DS ya wiki chache kabla yake ilionekana kituko, vioo viwili vidogo, kimoja cha kuguswa kwa kijiti, na picha dhaifu. DS ziliuzwa milioni 154.02, nyingi kwa watu wazima waliotaka kufuga mbwa wa kwenye kioo au kupiga hesabu za kunoa ubongo. PSP haikuanguka, ilivuka milioni 70, na hakuna mwingine aliyewahi kuikaribia Nintendo hivyo mkononi. Lakini tazama kilichoibeba huko Japani. Hazikuwa filamu, zilizokufa na vidiski vyake. Ilikuwa Monster Hunter ya Capcom, ambayo watu wanne huketi meza moja, kila mmoja na mashine yake, wakiwinda mnyama mmoja. Toleo la mwaka 2010 lilivuka nakala milioni 4. Yaani Sony ilipata ushindi wake mkubwa pale watu walipoigeuza Walkman yake kuwa karata. Nintendo ililiona hilo kabla ya Sony yenyewe. Septemba 2011 Capcom ilipanda jukwaa la Nintendo na kutangaza Monster Hunter za 3DS, mrithi wa DS. Miezi mitatu baadaye Vita, mrithi wa PSP, ikaingia madukani ikiwa na kioo kizuri ajabu na meza tupu.

Afrika Mashariki wengi wetu hatukuwa kwenye vita hivyo, bei ilitukataza. Gemu ya mkononi iliyotufikia kwa wingi ilikuwa nyoka wa Nokia. Taneli Armanto wa Nokia alimwandika kwa ajili ya simu ya 6110 ya mwaka 1997: vidoti vyeusi, kioo kile kile cha kusomea namba, hakuna gharama ya ziada, betri ya siku kadhaa. Kama Yokoi angezaliwa Finland angefanya hivyo hivyo. Ajabu ni kwamba Nokia wenyewe hawakujua walichonacho. Mwaka 2003 walitoa N-Gage, simu ya kushindana na Nintendo, ambayo kubadilisha gemu ilibidi ufungue mgongo na kuchomoa betri, na kuongea ilibidi uiweke sikioni kwa ubavu. Ilikufa kwa kuchekwa. Nyoka aliendelea kuzunguka kwenye simu za shilingi chache, kwenye daladala na matatu, bila mtu kumtangaza.

Na mashine ya nyumbani huku kwetu haikukaa nyumbani. PlayStation 2, yenyewe mashine iliyouzwa kuliko zote duniani, milioni 160 hivi, ilitolewa sebuleni ikawekwa kwenye banda, televisheni mbili tatu, benchi, pedi zilizochakaa hadi alama zimefutika. Unalipia mechi moja ya mpira; anayefungwa anampisha aliye kwenye foleni. Wabunifu wa Tokyo waliichora kwa ajili ya familia moja na sofa moja. Mabanda ya Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa yaliirudisha kwenye mashine ya sarafu, na kwenye baraza ya karata papo hapo, maana nusu ya burudani ni maneno ya walio nyuma ya benchi. Mgawanyo wa mkononi na nyumbani, ambao watengenezaji waliujengea viwanda viwili, kwetu haukuwahi kuwa na maana kubwa.

Kyoto nayo iliufuta mwaka 2017. Switch inakaa kwenye kitako chake chini ya televisheni, unaichomoa unaondoka nayo, na pande zake mbili ukizitenganisha zinakuwa pedi mbili, moja yako na moja ya mwenzako. Chipu yake, Tegra ya Nvidia, ilikuwa imetoka miaka miwili nyuma. Imevuka milioni 150. Washindani wameifuata, kila mmoja kwa damu yake. Valve, kampuni ya kompyuta, ilitoa Steam Deck mwaka 2022, ambayo ni kompyuta kamili iliyopunguzwa mwili, saa mbili hadi nane kutegemea gemu. Sony ilitoa PlayStation Portal mwaka 2023, kioo cha mkononi ambacho kilipotoka hakikuweza kufanya lolote bila PS5 na intaneti ya Wi-Fi. Microsoft ilingoja hadi mwaka 2025, ikaazima mashine ya Asus na kuipa jina la Xbox.

Hukumu yangu ya mwisho inawahusu walioshinda. Switch 2 ilitoka tarehe 5 Juni 2025 kwa dola 449.99 huko Marekani na ikauza zaidi ya milioni 3.5 kwa siku nne. Ni mashine nzuri, yenye nguvu, na kioo chake hakina aibu mbele ya yeyote. Betri yake, kwa maelezo ya Nintendo wenyewe, inakaa kati ya saa 2 na saa 6 na nusu. Hizo ni saa za Lynx, kwa bei ambayo hata ukihesabu mfumuko wa miaka 36 inaizidi kwa mbali Game Boy. Kampuni ya karata imekubali masharti ambayo mwaka 1989 iliyakataa, na inaweza kufanya hivyo bila hofu kwa sababu upande wa ubahili hakuna kampuni kubwa ya gemu iliyobaki. Upande huo sasa ni wa simu ya bei rahisi, na simu hiyo haitengenezwi Kyoto.